Namna Tulivyoshindwa Kumshtaki Tembo

Mmeniomba niandike machache kabla sijawakabidhi ufunguo wa chumba. Nimekubali, ila kwa masharti yangu. Vyeo sitavitaja, kwa sababu chumbani kwetu vilikuwa viwili tu: Mwalimu Yeremia, na sisi wengine. Mshahara nao tuuache upumzike. Uliteseka sana ulipokuwa hai. Nitaandika habari za kazi yenyewe, jinsi tulivyotengeneza gemu la upelelezi la watoto hapa Kilosa, lenye wanyama wa Mikumi ndani yake, na jinsi tulivyokaribia kumfunga fisi kwa kosa la tembo.

Ninaacha kazi kwa sababu ya kifundo cha mkono wa kulia. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nabofya. Akaniangalia, akauliza tena, nikarudia. Akaniandikia niache. Watu wa rika langu wanakatazwa chumvi na pombe. Mimi nimekatazwa kipanya.

Nilianza kwenye duka la steshenari pale Magomeni, mtaa wa hapahapa Kilosa, nikichapa barua, nikitoa kopi na kupiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Kompyuta ilikuwa moja na hakuna aliyenifundisha. Mwenye duka alijua kuiwasha tu. Kuizima alikuwa anachomoa waya. Wateja wakipungua, nilifungua ule ukurasa wa msaada uliomo ndani ya kompyuta yenyewe, nikausoma kwa kamusi, neno kwa neno. Kuna watu wameisoma Biblia kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Mimi nimesoma msaada wa kompyuta kutoka mwanzo hadi mwisho, na nawahakikishia una makatazo mengi kuliko Mambo ya Walawi, na hakuna anayeokoka.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa duara jekundu lililotembea kwenye kioo ukilibofya. Mteja mmoja alikuwa ameleta kadi za mchango wa harusi, nikamwacha asubiri ili nimwonyeshe. Akalitazama likienda hadi pembeni.

"Dada, linakwenda wapi?"

Swali zuri. Mpaka leo, mtu akiniletea wazo la gemu, namuuliza hilohilo.

Jibu lililetwa na Mwalimu Yeremia. Alinifundisha shule ya msingi kule kwetu, milima ya Ukaguru, na alipostaafu akahamia mjini. Kwa somo alikuwa amefundisha nusu ya wilaya. Kwa fimbo alikuwa amewafikia na waliobaki. Alikuja dukani na hadithi ya upelelezi aliyotaka ichapwe, akakuta duara langu linatembea. Akaliangalia muda mrefu kwa juu ya miwani.

"Tabitha, hilo duara linaweza kuwa nguchiro?"

"Linaweza, Mwalimu."

Sikujua kama linaweza. Lakini Mwalimu Yeremia hakuwahi kujibiwa "hapana" na mwanafunzi wake, na sikutaka kuwa wa kwanza mbele ya wateja.

Hivyo ndivyo nilivyoacha steshenari. Chumba alichokipata Mwalimu mnakijua, ndicho hikihiki, ukuta mmoja na mashine ya kusaga. Ufunguo ulikuwa mmoja, umefungwa kwa kamba ya katani, na aliuvaa shingoni chini ya shati. Asubuhi tulimsubiri nje kama wagonjwa. Akichelewa ibadani, kazi inachelewa. Akienda msibani Kimamba, hakuna kazi. Nilimwambia siku moja kwamba ufunguo unaweza kuchongwa wa pili. Akasema, "Wa nini?" Ukiulizwa hivyo na mtu aliyekufundisha kusoma, huoni tena ulikuwa wa nini.

Vifaa vyetu: kompyuta mbili za mtumba, betri ya akiba iliyolia kama mbuzi umeme ukikatika, na maiki moja. Studio ya sauti ilikuwa magodoro matatu ya sufi, mawili yamesimamishwa na moja limelazwa juu yake. Msemaji anatambaa anaingia, anasema maneno yake, anatoka na sufi kichwani. Tulirekodi pale tu mashine ya jirani inapokuwa imezimwa. Mkisikiliza vizuri gemu letu la kwanza, lile la kuhesabu bata, mtasikia bata wa saba ana mngurumo. Yule siyo bata. Yale ni mahindi ya mtu.

Mwalimu alinifundisha kazi upya, na alichonifundisha nimekifuata hadi leo. Fumbo linaandikwa kuanzia mwisho: nani kafanya, kwa nini, kaacha nini nyuma yake. Kila mnyama anayehojiwa aseme angalau jambo moja la kweli, hata akiwa mwongo. Na mtoto asipewe jibu ambalo hakulifanyia kazi. Mengine aliyonifundisha yalihusu namna ya kukaa kwenye kiti.

Michoro ilifanywa na Maganga. Mlimkuta kazini akiwa mtu mzima anayeheshimika, lakini sisi tulimpata Kimamba akichora mabango ya saluni na mabucha. Babu yake alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, na ukoo haukuondoka. Maganga hakuwahi kuchora mnyama wa porini, kwa hiyo wanyama wake wa kwanza walikuwa na sura za kibiashara. Simba alikuwa amenyolewa panki. Nyati alikuwa anatabasamu kama wale ng'ombe wa kwenye ukuta wa bucha, wanaokukaribisha uwale.

"Huyu simba katoka kinyozi," nilimwambia.

"Wewe Mkaguru umemwona simba wapi? Nyinyi mlipandishwa milimani ili mpate pa kukaa mkitutazama wenzenu tunafanya kazi."

"Na nyinyi mlibebeshwa mizigo ya watu mpaka hapa, mkasahau njia ya kurudi."

Kwa wale waliokulia mjini na kudhani tulikuwa tunagombana: Wakaguru na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walipigana, au waliuziana chakula njiani, inategemea unamuuliza nani. Kilichobaki ni kwamba Mnyamwezi anaweza kunitukana mchana kweupe na mimi nimtukane, na kununa ni mwiko. Mimi na Maganga tuliitumia ruhusa hiyo kila siku ya kazi.

Kuhusu panki ya simba, ilibidi twende Mikumi. Basi lilitushusha Mikumi mjini, na hatukuwa na haja ya kuingia hifadhini, kwa sababu ngiri walikuwa wanachimba nyasi nyuma ya nyumba ya wageni tuliyofikia. Maganga alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akachora asubuhi nzima. Ngiri akila hupiga magoti ya mbele. Amepiga magoti kwa adabu zote, huku uso wake umejaa ujeuri, na mkia, akiondoka, umesimama juu kama antena ya redio.

"Huyu anasalimia au anatukana?" Maganga aliuliza.

Nikasema labda vyote viwili. Nilisema kwa mzaha. Laiti ningejisikiliza, tungeokoa miezi.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Gemu la upelelezi linachezwa hivi: mtoto anaona picha ya kijiji cha wanyama, anabofya kitu, kitu kinajibu. Akibofya mtungi, unafunguka. Akibofya mnyama, anazungumza. Mpelelezi ni nguchiro mmoja mdogo anayeitwa Chiro. Wanyama wameweka mbegu zao ghalani wakisubiri mvua, na mlinzi ni Mzee Tembo, ambaye ufunguo wa ghala ameuvaa shingoni. (Mchoro huo wa ufunguo aliutoa Maganga kichwani mwake. Mwalimu hakusema kitu.) Asubuhi moja ghala ni tupu. Chiro awahoji Fisi, Nyani, Ngiri na Mzee Tembo, akusanye ushahidi, na mwishoni amnyooshee kidole mkosaji.

Mkosaji ni Mzee Tembo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo, tena kwa fahari. "Watoto wajue kwamba hata mkubwa hukosea," alisema. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine Kilosa mwenye sauti ya kutosha tembo, Mzee Tembo alisemewa na Mwalimu mwenyewe.

Tulikwenda kulijaribu kwenye shule moja ya msingi hapa mjini. Watoto walicheza wawili wawili. Walihoji, walicheka, walipekua kila mtungi. Ukafika mwisho, Chiro anasimama mbele ya kijiji kizima na mshale wa kipanya unageuka kuwa kidole. Jozi ya kwanza wakamnyooshea Fisi. Ya pili, Fisi. Nyani alipata kura chache kutoka kwa watoto waliokuwa na ugomvi wao binafsi na nyani wa mashambani. Tembo hakuna aliyemgusa.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikaamua ushahidi hautoshi. Nikaongeza nyayo kubwa mlangoni. Tukarudi shuleni: Fisi. Nikaongeza kinyesi cha tembo, chenye mahindi ndani yake. Fisi. Nikamwambia Maganga achore punje kwenye pembe za Mzee Tembo, kisha gunia tupu limening'inia kwenye pembe hiyohiyo. Mwisho Mzee Tembo alikuwa anahojiwa huku anatafuna. Watoto walimsikiliza anavyotafuna, wakatazamana, wakamfunga Fisi.

Nilianza kuwaza mabaya juu ya elimu ya nchi hii. Kisha msichana mmoja wa darasa la tatu, Rehema, ambaye alikuwa amepekua kila kitu mpaka chini ya kiti changu, akabaki nyuma wenzake walipotoka. Nikamuuliza kwa upole ni kitu gani kilichomfanya ajue ni Fisi.

"Siyo Fisi," alisema. "Fisi alikuwa msibani. Ni Mzee Tembo."

"Sasa mbona umemnyooshea Fisi?"

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu mzima anayeuliza njia ya kwenda kwake mwenyewe.

"Mama, yule ni babu. Unamnyoosheaje babu kidole mbele za watu? Halafu ile sauti ni ya Mwalimu. Anapita kwetu, bibi anamsalimia. Mimi nimwite mwizi?"

Basi. Kumbe watoto wote walilitatua fumbo tangu nyayo za kwanza. Tuliwaomba jambo ambalo sisi wenyewe, watu wazima tuliojifungia na kompyuta mbili, tusingelifanya. Vitabu vyote nilivyojifunzia kazi vilisema mpelelezi anasimama mbele ya watu, anamtaja mkosaji, anamnyooshea kidole. Niliamini vitabu. Kidole nilikichora mimi, na nilikichora vizuri, na kucha.

Nikampa Mwalimu taarifa. Habari ya kidole niliieleza yote. Habari ya sauti niliipunguza, lakini aliinasa. Alishika ule ufunguo wake kwa juu ya shati, kama mtu anayeangalia kama bado upo.

"Watoto wanajua kwamba tembo ni mimi?"

"Wanaijua sauti, Mwalimu."

Akazunguka chumba. Akasimama dirishani mpaka jirani akazima mashine.

"Basi awe Fisi."

"Mwalimu?"

"Watoto wengi wameamua ni Fisi. Badilisha. Futa zile punje kwenye pembe. Futa msiba wa Fisi. Tembo abaki shahidi."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema, kwa sauti ya darasa la nne.

Nataka muelewe kwa nini jambo hilo lilininyima raha, maana mnaweza kusema ni katuni tu. Fisi wetu alikuwa na ushahidi. Katika hadithi zote tulizokulia, fisi anakamatwa kwa kuwa ni fisi. Wa kwetu ndiye wa kwanza niliyemjua mimi aliyekuwa na mashahidi, kwamba siku ya tukio alikuwa msibani, tena alikaa mpaka mwisho na alisaidia kuosha masufuria. Nilimwandikia maneno ambayo watoto waliyapenda kuliko yote: "Mimi kila kesi naitwa. Hata nikifa, mtakuja kaburini kunihoji." Zaidi ya hapo, wale watoto walijua ukweli. Tukimfunga Fisi, tutakuwa tumewaambia kwamba woga wao ndio jibu sahihi, na tumewapigia na makofi, kwa sababu ukishinda gemu letu makofi yanalia.

Nikajaribu kumwambia. Nilimpikia chai ya tangawizi, nikamwekea karibu, nikaanza: "Mwalimu, kuhusu Fisi..."

"Umemaliza?"

"Bado kidogo, Mwalimu."

Hiyo ndiyo hotuba nzima niliyoitoa. Nilirudi kwenye kiti changu nikafungua faili la Fisi, nikalifunga, nikalifungua. Nilitafuta makosa ya kurekebisha mahali pengine. Katika kipindi kile gemu letu lilikuwa na mitungi inayofunguka vizuri kuliko gemu lolote duniani.

Maganga hakuwapo siku zote hizo. Alikuwa Kimamba, akifanya kazi nyumbani kwake. Alikuja na baiskeli, amefunga michoro kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, na wa juu ulikuwa ule Mwalimu aliomwagiza: Fisi amefungwa kamba, anapelekwa. Alikuwa amemchora vizuri mno. Fisi alikuwa amegeuza shingo kututazama sisi.

"Nimechora bila kuelewa," Maganga alisema. "Huyu si alikuwa msibani?"

"Mwalimu amebadilisha," nikasema taratibu, maana Mwalimu alikuwa anaingia mlangoni.

Maganga hakufanya taratibu. Aligeuka, akapiga goti moja sakafuni kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Maganga. Umeleta?"

"Nimeleta, mzee. Ila nina swali." Goti bado liko chini. "Nimesikia Wakaguru mmekula mbegu, halafu mmemtafutia fisi wa kumfunga. Ndiyo mila ya huko juu mlimani, au ni njaa tu?"

Nilishika betri ya akiba, sijui kwa nini.

"Mnyamwezi," Mwalimu alisema, "nitakuzika bila sanda."

"Utanizikaje na wewe ndiye unatangulia? Mimi ndiye nitakayelala kwenye kaburi lako nigome kutoka, kama watani wafanyavyo, mpaka ndugu zako watoe jogoo. Na nitawaambia waombolezaji wote: mzee wenu huyu alikula mbegu za kijiji kizima, angalieni jeneza lilivyo zito!"

Kicheko kilianza mabegani. Mwalimu alijaribu kukizuia kwa kukohoa, ikashindikana, akakaa kwenye kiti changu akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikumbuki kumwona akicheka hivyo, na nilikaa darasani kwake miaka. Alipomaliza, akajifuta macho kwa ncha ya shati, akauchukua mchoro wa Fisi, akautazama.

"Amechukia, huyu," alisema.

"Angekuwa mtani wako angekwambia," Maganga akajibu. "Lakini ni fisi, hana ukoo hapa mjini."

Mwalimu akaugeuza mchoro, uso chini, akauweka mezani. Akaomba chai. Maneno niliyokuwa nimeyabeba siku zote zile yalikuwa yamesemwa kwa goti moja na hakuna aliyeumia. Na hapo, kwa kuchelewa, nikamkumbuka ngiri wa Mikumi, amepiga magoti na mkia juu.

Kazi iliyofuata naieleza kidogo kidogo, maana mtaigusa mkibadilisha chochote. Kwanza nilikiua kidole. Mshale sasa ni kiganja kilicho wazi. Pili, ukimbofya mnyama mkubwa mara ya kwanza, Chiro anasalimia, na salamu hairukwi. Msije mkaweka kitufe cha kuiruka, hata waje watu wa mjini na sababu nzuri. Tatu, mwishoni Chiro hamshtaki mtu yeyote. Ni mtoto, ataanzia wapi? Anatakiwa kupeleka ushahidi kwa mtu anayeweza kusema. Anaulizauliza kijijini mpaka anagundua kwamba Tembo na Ngiri ni watani: zamani babu zao waligombania meno, tembo akapata marefu, ngiri akapata yaliyopinda, na tangu hapo wanatukanana. Mtoto akimwambia Ngiri alichokiona, Ngiri anafunga safari.

Mwalimu alikubali yote hayo. Alikataa jambo moja. Maneno ya Mzee Tembo kukiri, hayo hakuyarekodi. Leo koo linakwaruza. Kesho jirani anasaga. Keshokutwa maneno yenyewe si Kiswahili fasaha, ayapitie kwanza. Alitaka Tembo acheke tu, kisha pazia lifungwe, na watoto waelewe wenyewe.

"Wakielewa wenyewe si inatosha?"

"Walishaelewa wenyewe, Mwalimu," nikasema. Lilikuwa jambo refu kuliko yote niliyowahi kumpinga nalo. "Wanasubiri kusikia."

Mwalimu hakusema "umemaliza?"

Siku zote tulirekodi msemaji mmoja mmoja, kwa sababu magodoro hayakutosha wawili. Mara hii nikaazima godoro la nne, la kwangu mwenyewe nyumbani, nikawaingiza Mwalimu na Maganga pamoja, maiki katikati yao, magoti yamegusana. Nikamwomba jirani asimamishe mashine. Nikawaambia wasome kama ilivyoandikwa. Maganga alisoma sentensi ya kwanza tu.

"Shikamoo, mzee Tembo. Nimekuja kuuliza, hilo tumbo umeliazima wapi? Wenzako tumekonda tukisubiri mvua, wewe unanenepa kwa kulinda."

"Nilikuwa nakagua ubora wa mbegu," Mwalimu alijibu. Hayo hayakuwamo kwenye karatasi. Kila mtu wa huku anajua wakaguzi wa shamba la mbegu la Kilangali, kwa hiyo nikauma ulimi nisicheke.

"Ukakagua mpaka gunia la mwisho?"

"Kazi ya ukaguzi haiachwi katikati."

"Na matokeo?"

"Mbegu zilikuwa bora."

Nikasikia magodoro yanatikisika kwa kicheko cha wote wawili. Kisha kikaisha. Nikaangalia kioo, mstari wa sauti ulikuwa bado unatembea, umenyooka. Halafu Mwalimu akazungumza, siyo kwa sauti ya tembo na siyo ya darasani.

"Nimekula mimi. Nilijua hakuna atakayethubutu kuniuliza."

Alitambaa akatoka na sufi kwenye mvi, hukujua kipi ni kipi. Akaniuliza kama imeingia. Nikasema imeingia. Akasema isirudiwe. Haikurudiwa.

Tulirudi shuleni, na safari hii Mwalimu alikuja, akakaa nyuma kwenye dawati dogo, magoti yamefika kidevuni. Rehema alicheza mwenyewe. Alimsalimia kila mkubwa, akakusanya nyayo na punje, akampata Ngiri, akampeleka. Chumba kizima kikajaa, watoto wa madarasa mengine madirishani. Ngiri alipoulizia tumbo, walipiga kelele. Mzee Tembo aliposema "mbegu zilikuwa bora," wakapiga madawati. Na aliposema yale maneno ya mwisho, mmoja mmoja wakageuza shingo kumtazama Mwalimu Yeremia.

Mwalimu alitazama mbele, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Rehema akainuka. Akaenda hadi kwenye dawati lake, akasimama vizuri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Tumekusamehe."

"Aliyekula ni tembo," Mwalimu alisema. "Siyo mimi."

Rehema alifikiri.

"Haya. Akija mwambie tumemsamehe. Lakini ufunguo wa ghala aurudishe."

Tulirudi kwa miguu hadi chumbani kwetu Magomeni. Mlangoni Mwalimu akaingiza mkono chini ya shati, akaivua ile kamba ya katani, akafungua. Kisha badala ya kuivaa tena, akaiweka kwenye meza yangu, juu ya kipanya, akasema siku hizi anachoka kuamka mapema. Aliendelea kuja kila siku, mapema kuliko zamani, na akinikuta sijafika alisimama nje akasubiri kama mgonjwa.

Baada ya hapo tulitengeneza kesi nyingine, mnazijua, mmezikuta kwenye simu. Fisi amekuwa msaidizi wa Chiro na hajawahi tena kuitwa kuhojiwa. Wapo waliotuomba tutoe toleo lisilo na Ngiri, kwa sababu kwao hakuna utani na watoto wao wananyoosha vidole wanavyotaka. Niliwajibu kwa adabu, goti moja chini.

Ufunguo ndio huu, na kamba yake ileile. Chongesheni wa pili na wa tatu. Nitakuwa napita kuwasalimia, na nawajua nyinyi kwa heshima yenu: nikianza kukaa kwenye kiti, nikaagiza chai, nikawafundisha kazi mnayoijua kuliko mimi, mtasema "ndiyo, mama" mpaka jioni. Msisumbuke kutafuta maneno. Kimamba siyo mbali, na Maganga bado ana baiskeli.